Jina Nililolitaja Nyabugogo

Kwetu mke hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, halitaji hata akiwa peke yake jikoni anachambua maharage. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Nikasoma shule za huko, nikawa mwalimu, nikaolewa na Mnyarwanda mwenzangu na kumfuata Lusaka alikopata kazi. Kwa hiyo nilijiona mtu wa kisasa. Nilipofundwa habari ya jina nilicheka, nikasema hayo ni mambo ya bibi zetu, waliokuwa hawana shughuli.

Lakini sikulitaja. Mwaka wa kwanza ilikuwa heshima, wa pili mazoea, na kufika mwaka wa tisa ulimi wenyewe ulikuwa umeshakataa. Mtu akiniuliza ghafla baba mkwe wako anaitwa nani, nilikuwa namtumbulia macho tu. Nyumbani nilimwita Baba. Mbele ya watu nilisema databukwe, ndiyo baba mkwe wangu kwa Kinyarwanda, na mazungumzo yakaendelea.

Mwaka 1994, miezi michache baada ya vita, ilinibidi nimpeleke mzee huyo Kigali kwa basi, sisi wawili tu. Mume wangu alikuwa ametangulia. Aliandika kwamba amepata kazi, amepata na nyumba mtaa wa Kagarama, niwaage wanafunzi wangu nije, na nije na baba. “Anaomba kila siku arudi,” aliandika, kana kwamba mimi niliyekuwa nampikia uji kila asubuhi sijui anachoomba. Mzee alikuwa amevuka miaka sabini. Aliondoka Rwanda akiwa na mke na watoto wawili, na tangu hapo hakuwahi kurudi hata kwa siku moja. Juu ya kuondoka kwenyewe hakusema neno, na mimi sikuwa mtu wa kumuuliza.

Tukaanza safari. Basi la Lusaka tuliambiwa linatoka saa kumi alfajiri, likatoka saa nne, watu wameshakasirika wakachoka kukasirika. Ndipo nilipoona kwamba safari ya mabasi ni safari ya majina. Kila ulipokata tiketi, jina. Kila mpaka, jina. Kila mlipobadilisha basi, kondakta na karatasi yake, jina. Langu nilitaja. Likifika lake, nilikuwa nampisha mzee mbele, naye anachomoa hati yake, anaifungua polepole, anamkabidhi mtu.

Tunduma yule karani wa basi la Mbeya hakuwa na subira.

“Dada, mzee wako hana jina?”

“Analo.”

“Basi litaje, watu wanasubiri.”

“Muulize mwenyewe, yupo hapo.”

“Mmegombana?”

Foleni nzima ikacheka. Nilisikia uso unawaka. Mzee akachomoa hati, akasema jina lake mwenyewe kwa sauti ya juu, kisha akaivuta kofia yake mbele. Nilimwona anatabasamu chini ya kofia ile. Alikuwa anajivuna! Mimi naumbuka mbele ya wapiga debe wa Tunduma, yeye anajivunia mkamwana.

Mbeya wezi walinipasulia pochi kwa wembe, na kuanzia hapo mzee alichukua hati zake zote akazitia mfuko wa ndani wa koti, akaubana kwa pini. Niliona vyema. Kama mtu ataibiwa tena, basi niwe mimi mwenye vitambaa na sabuni.

Singida tulikaa siku mbili tukingojea springi ya basi. Na siku zote hizo nilikuwa na vita nyingine, ya chakula. Mtu mzima wa Kinyarwanda wa zamani haonekani akitafuna njiani, sembuse mbele ya mke wa mwanawe. Nilinunua mayai ya kuchemsha na ndizi, nikaviweka kitini katikati yetu, nikageuza uso dirishani nikaangalia mbuga. Nikirudisha uso, yai halipo. Tulienda hivyo mpaka Kahama. Baada ya Kahama, basi lilijaa hata dirisha sikuliona, watu walikuwa wanatutazama usoni kwa karibu, na mzee hakugusa kitu tena. Nilimbembeleza. Akasema, “Nitakula nyumbani.”

Ngara tulipita mahema yasiyo na mwisho, ya watu waliokuwa wametoka kule tulikokuwa tunakwenda. Basi zima likanyamaza. Tulivuka daraja la Rusumo kimyakimya, na mtoni, ambako maiti zilielea wakati wa vita, hakuna aliyetazama. Halafu, mara baada ya mpaka, dereva akahamisha basi upande wa kulia wa barabara.

“Yesu wangu! Dereva amelala!” mama mmoja nyuma yetu akapiga kelele, na basi zima likaamka. Watu walisimama, mwanamume mmoja akamrukia dereva bega. Tulikuwa tumetoka Zambia na Tanzania nzima upande wa kushoto, nani angejua?

“Huku wanapita kulia! Ndiyo sheria ya huku! Kaeni chini!” dereva akafoka.

Mzee peke yake hakushtuka. “Ndiyo,” alisema. “Huku ndiko kwetu.”

Sheria hiyo ya kulia ndiyo iliyonimaliza. Basi letu lilikuwa la Tanzania, mlango wake uko kushoto. Tulipofika Kigali, stendi ya Nyabugogo ilikuwa imefurika mpaka nje, dereva akasimama kando ya barabara. Mlango ukafungukia katikati ya barabara, kwenye magari. Malori, pikapu, watu wenye magodoro kichwani, honi, kila mtu anashuka papo hapo. Kondakta akipiga kelele, “Shukeni haraka! Angalieni magari!” Mzee alitangulia. Mimi niliinama kuvuta furushi lililokwama chini ya kiti. Nililivuta kwa hasira, likaachia, nikashuka. Hayupo.

Kwanza niliangalia chini ya magurudumu. Nasema kweli, hicho ndicho nilichofanya. Nilipiga magoti barabarani na furushi langu, nikachungulia chini ya basi, kisha chini ya lori lililokuwa linapita polepole pembeni yetu, nikitafuta koti la kahawia. Mtu akanivuta kwa nyuma, akanitukana kwa Kiganda.  Nilisimama nikiwa na mzigo, na mzee wa watu, baba wa mume wangu, hayuko popote.

Acha nieleze kwa nini niliogopa vile. Mzee hakuwa amekula tangu Kahama. Nyumba ya Kagarama hakuijua. Mimi mwenyewe nilikuwa naijua kwa barua. Saa ya kutotembea ilikuwa inaingia na giza, na askari hawakuwa na utani. Na ukutani pale stendi palikuwa na tangazo la mkono: msiingie nyumba zisizo na watu, msiguse kitu msichokijua, kuna mabomu. Nililisoma tangazo lile mara tatu. Jua lilikuwa limeshaegemea.

Kulikuwa na meza ya kupokea wanaorudi, na nyuma yake mwanamume wa makamo mwenye kipaza sauti cha mkononi. Alikuwa mtu wa kukulia Uganda, Kiswahili chake kimepita jeshini na sokoni.

“Mama, pole. Muzee anaitwa nani?”

Nikamweleza. Koti la kahawia, kofia, fimbo, mrefu, mwembamba, jino moja la mbele hana.

“Mama, angaria hapa.” Akanionyesha stendi kwa mkono. Nikaangalia. Wazee wa makoti na kofia na fimbo walikuwa wamejaa, warefu, wembamba, na meno sikuwa na nafasi ya kuyahesabu. “Wazee iko mingi. Mimi nataka jina.”

“Ni databukwe,” nikasema.

Akanielewa mara moja. Aliniangalia kwa huruma kidogo, na kwa kicheko kidogo. “Aah. Wewe iko umusirimu, iko na sketi ya kizungu, na bado unaogopa jina ya muzee?” Umusirimu ni mtu aliyestaarabika, alikuwa ananitania. Akanisukumia kalamu. “Basi, andika.”

Kuandika nikaandika. Mkono haukukataa. Akaliita kwa kipaza sauti, mara tatu, kwa nguvu, jina lote na jina la ubatizo. Watu wakageuka. Hakuna aliyekuja. Akaita tena. Betri zikaanza kukoroma. Akaniwekea kile kipaza sauti mezani.

“Sauti yangu haijui. Muzee atafuata sauti anajua. Ita wewe.”

“Siwezi.”

“Mama. Saa inaenda.”

Hapo ndipo nilipojishangaa mimi mwenyewe. Mwalimu wa miaka kumi na moja, niliyesimama mbele ya watoto sitini na kuwaambia waache ushirikina, nilifungua mdomo mbele ya meza ile na mdomo ukawa mtupu. Nilijaribu. Halikutoka. Nilikasirika hadi machozi, nikawakasirikia bibi zangu wote, na mume wangu aliyekuja mbele kwa starehe zake, na mzee mwenyewe kwa kushindwa kusimama mahali pamoja. Kisha nikaangalia tena lile tangazo la mabomu. Nikakichukua kipaza sauti, nikalitaja.

Nililitaja vibaya. Sauti ilitoka juu, ikapasuka katikati, ikawa ukelele. Nikarudia. Nikasimama juu ya furushi langu, nikapiga kelele jina la databukwe katikati ya Nyabugogo, mara tano, mara sita, huku nalia, na wanawake watu wazima waliokuwa karibu walishika midomo yao. Mmoja alinigeuzia mgongo. Nikaendelea mpaka betri zikafa, nikaendelea bila betri.

Hakuja.

Yule bwana wa meza alinitafutia pikapu iliyokuwa inapanda Kagarama, akamwambia dereva anifikishe mlangoni. Alikuwa ameacha utani. Mume wangu alinikuta langoni na furushi, akatazama nyuma yangu, akatazama ndani ya pikapu.

“Baba yuko wapi?”

Nikamwambia. Alisikiliza yote, magari, mlango, meza, na nilipofika kwenye jina aliinua mkono.

“Uliliita? Wewe?”

“Mara sita.”

Akakaa kwenye ngazi. “Amesikia,” alisema. “Amesikia ndiyo maana hakuja. Utakuwa umemwaibisha.”  Alitaka kutoka kumtafuta, majirani wakamzuia. Giza lilikuwa limeingia na angepigwa risasi barabarani. Tulikaa mezani hatulali. Chakula alichokuwa amempikia baba yake kilipoa kwenye sufuria.

Kulipokucha tulikuwa Nyabugogo. Yule bwana wa meza alitungoja, na karibu naye alikuwepo mama mmoja mwenye beseni la viazi vitamu. Alikuwa amekulia Bujumbura, ameanza biashara mtaa wa Gitega, hapo juu ya stendi, wiki chache tu zilizopita.

“Ni nyinyi munatafuta muzee?” akauliza. “Iko kule kwetu Gitega. Iko mu nyumba ya watu warikufa, haina muryango. Nirimuona asubuhi naenda kuteka mayi. Nirimupa ikiazi, anakataa. Nirimuambia toka, iko mabombe, anakataa. Anasema iko anangojea.”

“Anangoja nini?”

“Hasemi.”

Tulipanda ule mlima tukikimbia. Mume wangu mbele, mimi nyuma, yule mama nyuma yangu na beseni lake kichwani, halimwagiki hata kiazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mabichi, mlango umeng'olewa, dirisha limeng'olewa, bati limebaki nusu. Yule mama alitusimamisha nje, akatuonyesha mahali pa kukanyaga, palepale alipokuwa amekanyaga yeye.

Mzee alikuwa ameketi kwenye pembe ya chumba cha nyuma, mgongo ukutani, fimbo magotini, kofia kichwani. Midomo ilikuwa imekauka, imepasuka. Koti limebandikwa pini vilevile. Mume wangu alimpigia magoti akamshika miguu. Mimi nilibaki kizingitini. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali wake njia nzima, nimepanga maneno ya kuomba msamaha, na sasa sikuthubutu kuingia.

Mzee alinyoosha shingo akanitazama juu ya bega la mwanawe. Alinitazama uso, akashuka shingoni, akashuka mikononi, mkono huu, mkono ule.

“Hawakukuumiza?” akauliza.

Sikuelewa. “Akina nani, Baba?”

“Waliokushika.”

Tukatazamana, mimi na mume wangu. Nikasema hakuna aliyenishika. Nikasema nilimtafuta, nikamkosa, wakaita jina, wakaita tena, hakuja, nikaliita mwenyewe, anisamehe, nilikuwa nimechanganyikiwa. Maneno yote niliyoyapanga yalitoka kichwa chini miguu juu. Yeye akawa anatikisa kichwa taratibu.

“Gari lilipita, nikasogea upande wa pili,” alisema kwa Kinyarwanda, polepole, kwa sababu ulimi ulikuwa mkavu. “Nikasimama nikusubiri. Nikasikia mtu anaita jina langu kwa chombo. Nikasema, wamejuaje kwamba nimefika? Sijaongea na mtu. Nikajificha nyuma ya ukuta. Bado nilikuwa nakusubiri. Halafu nikakusikia wewe.”

“Ndiyo mimi, Baba.”

“Miaka tisa, mwanangu, hujanitaja. Hata Tunduma walipokucheka. Nilipokusikia unalia unaita jina langu nilijua kwamba wamekushika, na kisu kiko hapa.” Akagusa shingo yake mwenyewe. “Nikakimbia. Nimekaa hapa tangu jana namngojea mume wako, najiuliza nitamwambia nini, kwamba nilisikia mke wake anachinjwa na sikutoka.”

Mume wangu aliinua uso. “Baba, kwa nini ufikirie hivyo?”

Mzee aliigeuza fimbo yake magotini. Yule mama wa viazi alikuwa ameshatua beseni, ameshika kidevu.

“Siku tuliyoondoka,” akasema, “walikuja mchana. Baba yangu alikuwa amejificha kwenye migomba, hawakumwona. Wakamchukua mke wa kaka yangu. Alikuwa bibi arusi bado, hana hata mwaka. Wakamsimamisha uani wakamwambia, mwite mzee, na umwite kwa jina. Alikataa. Mimi nilikuwa juu ya dari, nawaona. Alikataa mpaka walipomfanya asiweze kukataa. Akaliita.”

Akalamba midomo.

“Baba alitoka. Sisi wote tulijua kwamba hakupaswa kutoka, na yeye alijua. Lakini aliposikia mkamwana wake anamtaja, alitoka.”

 Nilisikia watu wa Gitega wakipita njiani na ndoo zao za maji, wakisalimiana. Mume wangu, mwanamume wa miaka arobaini, alikuwa anaisikia habari ya babu yake kwa mara ya kwanza, amepiga magoti kwenye vumbi la nyumba ya watu wengine. Mimi nilikaa chini palepale kizingitini.

Mama wa viazi ndiye aliyepata akili kwanza. Alichagua kiazi kimoja kilichopikwa, akakimenya, akampa mzee mkononi, kisha akatugeuza sisi wote kwa mabega tuangalie nje. Tukaangalia nje. Nyuma yangu nilimsikia mzee anatafuna, polepole, kama mtu anayejifunza upya.

Alipomaliza aliniita.

“Mwanangu.”

“Naam, Baba.”

“Siku nyingine ukinipoteza, usiniite. Kaa kimya ulipo. Nikiona umenyamaza, nitajua kwamba uko salama, nitakuja.”